Maswali ya Wasomaji: Mwanarotari Mashuhuri Ni Yupi?

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, klabu za Rotary na baadhi ya watu wenye majina makubwa waliowahi kuwa wanachama wake. Aya hiyo fupi imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoizunguka, na barua zenyewe zimeandikwa kwa makini kiasi kwamba kuzijibu kwa sentensi mbili tatu kungekuwa ni kuwakosea wasomaji heshima. Kwa hiyo safu yote ya safari hii ni ya Rotary. Kwa anayekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza, huu ni muungano wa klabu za watu wa kazi na taaluma mbalimbali wanaokutana mara kwa mara ili kujuana na kuihudumia jamii. Ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1905, na leo una wanachama zaidi ya milioni moja katika nchi na maeneo zaidi ya 200.

Swali: Ndugu Mhariri, kila orodha ya wanarotari mashuhuri ninayoisoma imejaa marais, wanaanga na washindi wa Tuzo ya Nobel. Napata shaka. Je, watu hao walikuwa wanachama kweli, waliohudhuria vikao na kulipa ada, au majina yao yaliazimwa tu ili kuipamba klabu?

Jibu: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, na ili kuiondoa inafaa kwanza tutofautishe aina mbili za uanachama. Yupo mwanachama wa kawaida, ambaye hualikwa na klabu fulani, hulipa ada, hupiga kura, hupangiwa kazi katika kamati na hutarajiwa kuonekana vikaoni. Yupo pia mwanachama wa heshima, ambaye klabu humchagua kwa kutambua utumishi wake au hadhi yake. Huyu halipi ada, hapigi kura wala hashiki uongozi. Orodha nyingi huwachanganya hao wawili bila kusema nani ni nani, na kwa kuwa klabu yoyote inaweza kumpa heshima hiyo mkuu wa nchi au mtu maarufu wa mji wake, majina makubwa huongezeka haraka. Si udanganyifu, ila msomaji anayeziona orodha hizo anapaswa kuuliza kila mara: huyu alikuwa mwanachama wa aina gani, na wa klabu ipi?

Miongoni mwa wale ambao Rotary yenyewe huwataja wamo Guglielmo Marconi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1909 kwa kazi yake ya simu ya upepo. Friedrich Bergius, mkemia wa Ujerumani aliyepata Nobel mwaka 1931. Jean Sibelius, mtunzi wa muziki wa Finland. Daktari Charles Mayo, mmoja wa ndugu wawili ambao jina lao limebaki kwenye hospitali ya Mayo huko Rochester, Minnesota. Na Frank Borman, aliyeongoza safari ya Apollo 8 iliyowapeleka binadamu wa kwanza kuuzunguka mwezi, Desemba 1968. Yumo pia Carlos Romulo wa Ufilipino, na jina lake nalitaja kwa uzito zaidi kuliko hayo mengine, kwa sababu yeye alishika nyadhifa za juu ndani ya Rotary kabla dunia haijamfahamu. Mwaka 1945 alitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kwa niaba ya nchi yake huko San Francisco, katika mkutano ambao wanarotari 49 walihudhuria wakiwa wajumbe au washauri, na mwaka 1949 akawa Mwasia wa kwanza kuwa Rais wa Baraza Kuu la umoja huo.

Lakini jina moja katika orodha hizo lina historia ambayo mara nyingi hurukwa, nami sitairuka. Mwandishi Thomas Mann alikuwa mmoja wa wanachama waanzilishi wa klabu ya Rotary ya Munich mwaka 1928. Huyu hakuwa mwanachama wa heshima. Aliketi mezani na wenzake, akazungumza nao, na alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1929 fahari ikawa yao wote. Mwanzoni mwa mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Mann, ambaye alikuwa amekwisha kuwapinga Wanazi hadharani, wakati huo alikuwa nje ya nchi na hakurudi. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo klabu yake ilimwandikia kumjulisha kwamba jina lake limefutwa katika daftari la wanachama. Hakuitwa kujieleza, wala hapakuwa na kosa lolote la kanuni alilotenda. Wenzake waliona tu kwamba kukaa naye kungewaletea hatari, wakaamua kumtoa kabla hawajaulizwa. Klabu za Ujerumani hazikupona kwa hilo, kwani kufikia mwaka 1937 zote zilikuwa zimevunjwa.

Leo jina la Mann limerudi kwenye orodha za wanarotari mashuhuri, na nadhani ni haki lirudi. Naamini vilevile kwamba anayelitaja kwa fahari ana wajibu wa kueleza namna lilivyofutwa. Mtu huyo alithaminiwa alipoiletea klabu sifa, akatupwa alipohitaji wenzake, na hapo ndipo ninapoona upungufu wa orodha za aina hii: zinatuonyesha umaarufu ambao mtu alikuja nao, zikanyamaza kuhusu alichokikuta ndani na alichokiacha.

Swali: Tumefundishwa kwamba Paul Harris ndiye mwanzilishi na rais wa kwanza wa Rotary. Rafiki yangu anabisha kwamba hakuwa rais wa kwanza. Nani mkweli?

Jibu: Kila mmoja wenu ana sehemu ya ukweli. Paul Harris, mwanasheria aliyezaliwa Racine, Wisconsin, mwaka 1868 na kulelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, Vermont, ndiye aliyekuwa na wazo. Alikuwa amehamia Chicago akiwa na wateja wengi na marafiki wachache, naye alitamani ule ujirani wa kijijini ambapo muuza duka, daktari na fundi wanajuana kwa majina. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905 alikula chakula na rafiki yake Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, kisha wakaenda pamoja hadi chumba namba 711 katika jengo la Unity, mtaa wa Dearborn. Hiyo ilikuwa ofisi ya Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, na haikuwa na chochote cha kupendeza: dawati, viti vichache visivyokalika kwa raha, na mchoro wa kihandisi ukutani. Wa nne alikuwa Hiram Shorey, fundi wa nguo. Hapo ndipo ilipoanzia. Wakakubaliana wakutane kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na kutokana na kuzunguka huko ndiko jina Rotary lilikotoka.

Rais wa kwanza wa klabu hiyo ya Chicago alikuwa Schiele. Harris alishika nafasi hiyo mwaka 1907, akiwa wa tatu, na ni wakati wake klabu ilipoanza kutazama nje ya faida ya wanachama wake: ikashikilia kampeni ya kuutaka mji ujenge vyoo vya umma. Wapo wanaoona kazi hiyo ni ndogo mno kuwekwa kwenye historia ya chama kikubwa. Mimi naiona ni mwanzo wenye heshima, maana klabu ya wafanyabiashara ilikuwa imeuliza mpita njia asiye na duka wala ofisi anajistiri wapi. Mwaka 1910 klabu 16 zilipoungana kuwa chama cha kitaifa, Harris ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama hicho. Ndiyo maana mwalimu wako hakukosea sana.

Loehr na Shorey hawakudumu muda mrefu. Aliyejiunga mara baada ya hao wanne, mpiga chapa Harry Ruggles, ndiye aliyewazoesha kuimba pamoja vikaoni, na desturi hiyo ikaenea katika klabu nyingi.

Swali: Mhariri, ukiambiwa uandike orodha yako mwenyewe ya wanarotari watatu mashuhuri, bila kujali umaarufu wao nje ya klabu, ungewataja akina nani na kwa sababu gani?

Jibu: Swali hili limenifurahisha kuliko yote, na nitalijibu bila kupima maneno sana. Wa kwanza kwangu ni Clem Renouf, mhasibu kutoka Nambour, mji mdogo katika jimbo la Queensland, Australia. Nje ya Rotary ni wachache wanaolijua jina hilo. Alikuwa rais wa Rotary International, yaani muungano wa klabu zote duniani, mwaka wa 1978–79, na siku moja akiwa safarini ndani ya ndege alisoma makala iliyoeleza jinsi ugonjwa wa ndui ulivyotokomezwa duniani. Wengi wetu husoma habari kama hiyo, tukaguswa, tukafunga gazeti. Renouf alipotua alimtafuta mwanarotari mwenzake, daktari John Sever, aliyekuwa mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza, akamuuliza kama upo ugonjwa mwingine ambao chama chenye watu kila mahali kinaweza kusaidia kuufuta kwa njia hiyo hiyo. Sever alitafakari, akashauriana na Albert Sabin, mtaalamu aliyetengeneza chanjo ya polio ya matone, kisha akamwandikia Renouf: kama ni chanjo moja ya kuchagua, basi ni ya polio.

Ubora wa jibu hilo unaonekana ukiitazama chanjo yenyewe. Haihitaji sindano wala mtu aliyesomea uuguzi. Ni matone mawili mdomoni mwa mtoto, na mtu yeyote aliyeelekezwa vizuri anaweza kuyadondosha. Tatizo halikuwa ufundi. Lilikuwa kuwafikia watoto wote, nyumba kwa nyumba, siku zilizopangwa, chanjo ikiwa bado ya baridi kwenye kasha lake, na kazi ya namna hiyo inawataka watu wanaoaminika mahali wanapoishi, wanaojua nani ana gari, nani ana jokofu na nani anasikilizwa na kina mama. Hicho ndicho klabu zilichokuwa nacho. Tarehe 29 Septemba 1979, huko Makati karibu na Manila, James Bomar, rais aliyempokea Renouf, alimpa mtoto matone ya kwanza ya mradi wa Ufilipino uliolenga watoto milioni 6. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba, akiwa katika kazi hiyo, alihisi mtu akimvuta suruali. Alipotazama chini akamwona mtoto, kaka wa mmoja wa waliochanjwa, akimshukuru.

Kutoka hapo mambo yakakua. Mwaka 1985, Carlos Canseco wa Mexico akiwa rais, Rotary ilitangaza mpango wa PolioPlus na kujiwekea lengo la kukusanya dola milioni 120. Kufikia mwaka 1988 klabu zilikuwa zimekusanya milioni 247. Mwaka huo huo wa 1988 Shirika la Afya Duniani na wenzake walianzisha juhudi ya dunia nzima ya kutokomeza polio, wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukiwapooza watu wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi 125. Idadi hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 99, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya shirika hilo ilithibitishwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili. Nchi mbili ambamo maambukizi ya virusi hivyo hayajawahi kukatika ni Afghanistan na Pakistan. Sisemi kwamba Renouf aliyafanya hayo yote. Wapo wanasayansi, serikali, UNICEF, na wachanjaji wasiohesabika, baadhi yao waliouawa wakiwa kazini. Nasema kwamba mhasibu mmoja aliuliza swali, na aliuliza mahali palipokuwa na watu wa kulijibu.

Wa pili ni Herbert Taylor. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, alichukua uongozi wa kampuni ya kuuza vyombo vya kupikia vya aluminiamu huko Chicago iliyokuwa karibu kufilisika. Alitafuta kipimo kifupi ambacho kila mfanyakazi angeweza kukikariri, akaandika maswali manne ya kujiuliza kuhusu lolote tunalowaza, kusema au kutenda: Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, litajenga nia njema na urafiki ulio bora? Je, litawafaa wote wanaohusika? Kabla ya kumwonyesha mtu, alijijaribu mwenyewe, na akakiri kwamba swali la kwanza peke yake lilimshinda mara nyingi kuliko alivyotarajia. Kisha akawaita wakuu wake wanne wa idara, ambao walikuwa wa madhehebu na dini tofauti, mmoja wao Mkatoliki na mwingine Myahudi, awaulize kama kuna neno linalopingana na imani zao. Hawakuliona. Walipoyaleta maswali hayo kwenye matangazo ya kampuni, ilibidi wafute maneno kama “bora kuliko yote” na “kubwa kuliko yote”, kwa kuwa hawakuweza kuyathibitisha. Wakabaki wakieleza tu chombo kilivyo. Kampuni ilisimama tena. Rotary iliyapokea maswali hayo mwaka 1943, na Taylor akawa rais wa Rotary International mwaka wa 1954–55.

Wa tatu ni Arch Klumph wa Cleveland, ambaye mwaka 1917, kwenye mkutano mkuu wa Atlanta, alipendekeza uanzishwe mfuko wa kudumu kwa ajili ya kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza, kutoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50. Mfuko huo ndio ulioitwa Wakfu wa Rotary kuanzia mwaka 1928, na fedha za chanjo nilizozitaja hapo juu zilipitia humo.

Swali: Mbona majina yote mnayoyataja ni ya wanaume? Mimi ni mwanamke na nimealikwa kujiunga. Nataka kujua nilitanguliwa na nani.

Jibu: Ulitanguliwa na wanawake waliofikishana na Rotary mahakamani, na ni vyema uwajue kabla hujajaza fomu. Kwa miongo mingi katiba ya Rotary ilisema wazi kwamba wanachama ni wanaume. Mwaka 1977 klabu ndogo ya Duarte, California, iliyokuwa imepungukiwa wanachama, iliwaingiza wanawake watatu. Makao makuu yalipogundua, mwaka 1978 yaliifutia klabu hati yake. Wanachama wa Duarte, wanaume kwa wanawake, hawakutawanyika. Waliendelea kukutana wakijiita klabu ya zamani ya Rotary ya Duarte, na juu ya gurudumu lililo nembo ya Rotary katika beji zao wakachora alama ya X, wakazivaa hivyo hivyo mbele ya watu.

Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba sheria ya California iliyokataza ubaguzi katika shughuli za biashara ingeweza kuzilazimu klabu za Rotary kuwapokea wanawake. Mwaka huo huo Sylvia Whitlock, mwalimu mkuu wa shule, akawa rais wa klabu ya Duarte, na hivyo mwanamke wa kwanza kuongoza klabu ya Rotary. Uamuzi wa mahakama ulihusu Marekani pekee. Ni Januari 1989, katika baraza la kutunga kanuni lililokutana Singapore, ndipo wajumbe walipoondoa sharti la uanaume kwa dunia nzima. Jennifer Jones wa Windsor, Kanada, akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary International, mwaka wa 2022–23, miaka 117 baada ya kile kikao cha chumba namba 711.

Ukiniuliza ni nani wa kuwekwa mbele kati ya hao wawili, nitamtaja Whitlock bila kusita, pamoja na wanaume wa klabu yake waliokubali kupoteza hati kuliko kuwaomba wenzao wajiondoe. Nimekwisha eleza hapo juu klabu ya Munich ilivyofanya miaka 45 kabla yao, ilipotakiwa kusimama na mwenzao. Soma habari hizo mbili kwa pamoja.

Swali: Je, Mwafrika amewahi kuongoza Rotary duniani?

Jibu: Ndiyo. Jonathan Majiyagbe, mwanasheria wa Kano, Nigeria, alikuwa rais wa Rotary International mwaka wa 2003–04, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Wa pili angekuwa Sam Owori wa Uganda, mtu aliyebobea katika mambo ya benki na uongozi bora wa taasisi, ambaye alikwisha teuliwa kwa mwaka wa 2018–19. Alifariki dunia Julai 2017, takriban mwaka mmoja kabla ya kuanza muhula wake.

Swali: Nimesoma kwamba Helen Keller, yule mwanamke wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, alikuwa mwanarotari. Ni kweli?

Jibu: Nadhani umechanganya Rotary na Lions, klabu nyingine ya huduma iliyoanzia Chicago pia, mwaka 1917, kwa juhudi za Melvin Jones, mtu wa bima. Keller alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, Ohio, tarehe 30 Juni 1925, na hapo aliwataka wawe watetezi wa vipofu. Waliitika, na kazi ya macho ni utambulisho wao hadi leo. Mwaka 1930, George Bonham wa klabu ya Lions ya Peoria, Illinois, alipomwona kipofu akihangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona, klabu yake ilipaka fimbo rangi nyeupe na kuizungushia utepe mwekundu, wakawagawia vipofu wa mji. Kama unatafuta mwanachama wa Lions aliyekuwa mashuhuri nje ya klabu, Jimmy Carter alikuwa mmojawapo, na aliongoza klabu za eneo lake huko Georgia miaka kadhaa kabla ya kuwa Rais wa Marekani.

Swali: Marehemu baba yangu aliacha kisanduku chenye beji ndogo ya rangi ya dhahabu, yenye sura ya mtu na jina Paul Harris, na kijiwe kimoja cha buluu. Hakuwahi kutuambia lolote. Je, baba alikuwa mwanarotari mashuhuri?

Jibu: Pole kwa msiba wako, ndugu yangu. Ulichokishika ni beji ya Paul Harris Fellow, heshima iliyoanzishwa mwaka 1957. Hutolewa pale ambapo dola 1,000 zimechangwa kwenye Wakfu wa Rotary, ama na mwenye beji mwenyewe, ama na mtu mwingine kwa jina lake. Kijiwe cha buluu huonyesha kwamba baada ya mchango wa kwanza ulifuata mwingine wa kiasi kama hicho. Beji hiyo peke yake haithibitishi kwamba baba yako alikuwa mwanachama, maana klabu huweza kumtunuku mtu asiye mwanarotari, kwa mfano muuguzi au mwalimu ambaye kazi yake imewagusa.

Tafuta basi humo humo kisandukuni kama ipo beji ya pili, yenye gurudumu la meno bila sura ya mtu. Hiyo ndiyo mwanachama huvaa kwenye ukosi wa koti. Tafuta pia cheti, ambacho kwa kawaida hutolewa pamoja na beji ya Paul Harris. Kisha iandikie klabu ya mji alikofanya kazi, uwape jina lake kamili, kazi yake na miaka aliyokaa huko, ukiwaomba watazame kumbukumbu zao. Usisahau kutaja kazi yake, kwa kuwa tangu mwanzo Rotary imewaandikisha wanachama kwa taaluma zao, na mzee aliyesahau jina huenda akamkumbuka mhandisi au mfamasia aliyekaa naye meza moja. Kama watajibu kwamba hakuwa mwanachama, waulize swali moja zaidi: ni nani aliyetoa fedha hizo mara mbili kwa jina lake, na alikuwa amefanya nini.